Beta Katika Tangi la Nyumbani

Samaki beta asili yake ni Thailand, katika mashamba ya mpunga, vinamasi na mifereji yenye majani mengi na maji yaliyotulia. Jina lake la kitaalamu, Betta splendens, alilipata kutoka kwa mtaalamu wa samaki Charles Tate Regan mwaka 1910. Wathai wamemfuga kwa vizazi vingi ili apigane, na mwaka 2019 serikali yao ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Beta wa porini ana mapezi mafupi na rangi iliyofifia. Yale mapezi marefu na rangi kali zinazoonekana madukani ni kazi ya wafugaji.

Juu ya matamvua yake pana kiungo chenye mikunjo kinachomwezesha kupumua hewa. Kila baada ya muda hupanda, hubenua kinywa juu ya maji, kisha hushuka akiacha kiputo kimoja au viwili. Kipaji hicho ndicho kilichomponza. Kwa kuwa anavumilia maji yenye oksijeni kidogo, huuzwa ndani ya kikombe, na mnunuzi humhamishia kwenye bakuli la mezani akidhani yatosha. Hewa haimpungukii kweli, ila kinachomuua ni sumu iliyomo majini.

Sumu hiyo ni amonia, inayotoka kwenye taka za mwili wake na mabaki ya chakula. Huunguza matamvua, na katika bakuli la lita mbili hujaa upesi. Ndani ya tangi lililokomaa, bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hujishikiza kwenye chujio na changarawe, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kustawi. Kwa hiyo tangi huandaliwa kwanza, samaki hununuliwa baadaye. Wengi hukosea pale wanapoona chujio limechafuka na kulisugua chini ya bomba: klorini huwaua bakteria, na siku chache baadaye samaki amelala chini hoi. Sponji ya chujio husuuzwa kwa maji yaliyotolewa tangini, basi.

Tangi la lita 20 linamfaa, lenye chujio la taratibu, maana mkondo mkali humchosha mwenye mapezi marefu. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Dar es Salaam na Mombasa hali ya hewa hufanya kazi hiyo karibu mwaka mzima, lakini Nairobi au Arusha, hasa Juni hadi Agosti, hita ni ya lazima. Kifuniko nacho ni muhimu kwa kuwa beta huruka, ila kiachiwe nafasi ya hewa juu ya maji. Kabla ya kutia pambo la plastiki, lipitishwe kwenye soksi ya nailoni. Likinasa, litachana mapezi.

Kila wiki robo ya maji hubadilishwa. Maji ya bomba hutiwa dawa ya kuondoa klorini. Kuacha ndoo wazi siku nzima husaidia pia, lakini hakuondoi kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji ya bomba.

Beta hula nyama. Punje chache za chakula chake asubuhi na jioni zinatosha, na viluwiluwi wa mbu ni kitoweo anachokipenda mno, mradi wasitoke kwenye mtaro mchafu. Mkate na wali havimfai. Akilishwa kupita kiasi tumbo huvimba, na kinachobaki huoza.

Madume wawili hawawekwi pamoja hata kidogo. Jike hukutanishwa na dume wakati wa kuzalisha tu, kisha hutolewa, kwani dume ndiye mlezi: huyaokota mayai kwa kinywa na kuyapandisha kwenye kiota cha mapovu.

Mapezi yanayolika kingoni mara nyingi ni dalili ya maji machafu, na maji safi ndiyo tiba ya kwanza. Vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi ni vimelea, navyo huhitaji dawa. Magamba yakisimama na mwili kuvimba, kupona ni nadra. Beta aliyetunzwa vizuri huishi miaka 2 hadi 4, na wengi huwa tayari na miezi kadhaa siku wanaponunuliwa.