Kiti cha depite kinafuata karte yako

Juzi tulibishana hapa juu ya depite wa Kamina, na wengi wakauliza: ni wa mji ao wa teritwari? Mimi ni mutu wa mashamba, si wa sheria, lakini sheria ya uchaguzi niliisoma. Naeleza namna niliielewa.

Kwetu hakuna komisio inayokaa kuchora mipaka ya uchaguzi. Kenya wako nayo: katiba yao ya 2010 inaomba sehemu zao 290 ziangaliwe upya kila miaka 8 mpaka 12, kwa kuhesabu wakaaji. Sheria yetu ya 2006 inasema tu kila teritwari ni sirkonskripsio moja, kila mji pia, na Kinshasa inagawanywa mara nne. Mpaka wa uchaguzi unatembea nyuma ya mpaka wa utawala. Ukiumba mji, umeumba sirkonskripsio. Njo maana mu 2006 zilikuwa 169, na mu 2018 zikafika 181. Njo maana pia mji wa Kamina na teritwari ya Kamina ni vitu viwili, hata kama jina ni moja.

Hiyo si karatasi tu. Penye viti vingi, listi zinagawana kwa uwiano, hata wadogo wanaweza kupata. Penye kiti kimoja, mwenye kura nyingi anakibeba, basi. Na mutu kama mimi, ninalala mjini lakini mihogo yangu iko mu teritwari. Barabara inayooza mazao yangu ni ya depite ambaye siwezi kumupigia kura.

Sasa viti vinahesabiwa namna gani? Hapa wengi wanakosea, wanafikiri ni wakaaji. Hapana, ni watu walioandikishwa. Unachukua walioandikishwa inchi nzima, unagawanya kwa 500, maana Bunge iko na viti 500. Mu 2018 tulikuwa karibu milioni 40, kiti kimoja kikaomba watu 80,000 hivi. Mu 2023 tulikuwa karibu milioni 44, kikaomba 88,000 hivi. Kwanza jimbo linapata viti vyake, kisha teritwari na miji wanagawana, na hakuna anayekosa hata kimoja. Kwa hiyo teritwari ikibaki na hesabu ileile, inashuka, hata kama hakuna aliyehama wala mpaka uliosogea.

Ni kama kupima shamba kwa kuhesabu miche iliyoota, bila kuuliza mbegu ngapi zilipandwa.

Na nani haoti? Mimi wa kwanza. Mu 2017 nilikuwa mwanafunzi Lubumbashi, nikaandikishwa kule. Sikuwaza depite hata kidogo. Karte ya elekteri njo kitambulisho chetu: bila yeye huwezi kutoa pesa, huwezi kupita barriere bila maneno mingi. Nilikuwa na lazima ya karte pale nilipoishi. Kichwa changu kikahesabiwa upande wa Haut-Katanga. Sasa hesabu promo yetu yote.

Mu 2023 nilikuwa nimerudi. Kwetu uandikishaji ulianza mwisho wa Januari, mvula imeshika, mahindi yanaomba palizi. Mama mmoja niliyekuwa ninamusaidia shamba aliniambia, «Mwanangu, nikienda kulala siku mbili ku foleni, majani yatakula mahindi yangu.» Kama agronome, nilijua hesabu yake ni ya kweli. Hakuenda.

Katanga ilipokatwa mara ine mu 2015, tulisherehekea: pahali pa masenata 4 wa jimbo moja, wakawa 16. Ule mukato kila mutu aliuona. Huu wa karte hakuna anayeuona.

Mudogo wangu yuko Lubumbashi, anafikisha miaka 18. Nilimuomba angojee likizo ili uandikishaji ukifunguka aje kuandikishwa hapa Kamina. Akanijibu: «Yaya, na mpaka likizo, nitaonyesha polisi nini?»