Lugha ya Usalama Baharini: Mapatano ya Mataifa na Istilahi za Mabaharia wa Pwani

Mataifa yalianza kuushughulikia usalama wa baharini kwa pamoja baada ya meli Titanic kuzama Aprili 1912, watu zaidi ya 1,500 wakafa. Januari 1914 wajumbe walikutana London wakatia sahihi mapatano ya kwanza ya kuhifadhi roho za watu baharini, lakini vita vilivyozuka mwaka huo vikayazuia yasitimizwe kama ilivyokusudiwa. Yaliandikwa upya 1929, 1948, 1960 na 1974. Haya ya mwisho yalianza kutumika 1980, na ndiyo yanayofuatwa leo pamoja na marekebisho yake mengi. Msimamizi wake ni Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO), lenye makao yake London. Shirika hilo lina lugha rasmi sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili hakimo. Kwa hiyo kila onyo na kila kanuni itokayo huko haina budi kupita mikononi mwa mfasiri kabla ya kumfikia baharia wa kwetu, na kosa la mfasiri huyo si kosa la darasani.

Watu wengi hudhani kwamba mapatano yanalazimisha Kiingereza kila mahali baharini. Sivyo. Sura ya tano yaagiza kitumike katika mazungumzo ya usalama baina ya meli na meli, na baina ya meli na nchi kavu, ila kama wazungumzaji wanayo lugha nyingine waijuayo wote. Basi nahodha wa Tanga akiita kituo cha uokoaji cha Mombasa, kilichofunguliwa 2006 kwa ajili ya eneo hili la Bahari ya Hindi, hakuna kanuni imzuiayo kusema Kiswahili. Isitoshe, vyombo vyetu vingi viko nje ya mapatano. Sura ya kwanza yaacha nje vyombo vya uvuvi, vyombo visivyoendeshwa kwa mitambo, na vyombo vya mbao vilivyoundwa kwa njia za asili. Maana yake ni kwamba ngalawa, mashua na majahazi karibu yote hayamo. Safari za ndani ya nchi nazo hazimo. Spice Islander I iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, na Skagit iliyozama 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, zote mbili zilikuwa katika safari za namna hiyo, zimechukua abiria ambao wengi wao lugha yao ilikuwa Kiswahili.

Mwaka 2001 Shirika lilipitisha mkusanyo wa tungo sanifu za mawasiliano ya baharini. Mwanaisimu atapendezwa nao, kwa kuwa ni Kiingereza kilichopunguzwa makusudi. Tarakimu husomwa moja moja. Ujumbe waweza kutanguliwa na neno la kuutambulisha, kama ni swali, ombi, onyo, shauri au agizo. Vitenzi visaidizi vyenye maana ya kuweza au kupaswa vimeepukwa, kwa sababu msikilizaji hajui kama ameambiwa ruhusa, uwezekano au amri. Tatizo hili twalo sisi pia. Mtu akiambiwa kwa redio, “Waweza kuingia bandarini,” je, amepewa ruhusa, au ameelezwa kwamba kina cha maji kinatosha? Kiswahili kina dawa yake bila kukopa kitu: “Una ruhusa ya kuingia” ni jambo moja, “Maji yanatosha kuingia” ni jingine. Lililobaki ni kukubaliana kwamba katika redio “-weza” lisitumike peke yake.

Tukija kwenye kanuni za kuzuia kugongana, za 1972, twaona lugha yetu ni tajiri kuliko wafasiri wake. Kanuni hizo hutumia namna mbili za kutaja ubavu wa chombo. Ya kwanza haibadiliki: taa nyekundu hukaa ubavu wa kushoto na taa ya kijani ubavu wa kulia, kwa mtu atazamaye omo. Ya pili hufuata upepo, na hapa mabaharia wetu wanayo maneno yao ya zamani, joshi na demani: joshi ni upande utokako upepo, demani ni upande uendako. Jahazi likibisha, ubavu uliokuwa joshi huwa demani. Kanuni ya 12, ihusuyo vyombo vya matanga, yasema kwamba vyombo viwili vikiwa na upepo ubavu mmoja, kilicho joshi kikipishe kilicho demani. Na ikiwa kila kimoja kina upepo ubavu wake, chenye upepo upande wa kushoto ndicho kipishe. Mfasiri asiyejua maneno haya huandika “upande wa upepo” na “upande usio wa upepo”, na msomaji huachwa akikisia. Aliyekulia majini huelewa joshi mara moja. Sioni sababu ya neno hilo kukosekana katika kitabu cha mafunzo ya manahodha.

Hatari kubwa zaidi imo katika saa. Taarifa za kimataifa za hali ya hewa na maonyo ya vimbunga hutolewa kwa saa ya ulimwengu, iliyo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kimbunga chochote cha kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha Réunion, ambacho taarifa zake huzifikia idara za hali ya hewa za nchi zote za eneo hili. Tuseme onyo linataja 18:00. Mfasiri mwenye haraka huandika “saa kumi na mbili jioni”. Kumbe 18:00 ya ulimwengu ni 21:00 kwetu, yaani saa tatu usiku. Mvuvi ameambiwa pepo zitaanza saa tatu kabla ya wakati wake. Huyu atarudi pwani mapema asipate madhara. Lakini onyo likiwa la mwisho wa hatari, kosa hilo hilo litamtoa baharini pepo zikali bado zinavuma. Dawa ni kuandika saa ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, baada ya kuongeza saa tatu, na kuiacha tarakimu ya kimataifa kando yake ili ihakikishwe.

Neno “usalama” lenyewe lahitaji kuangaliwa. Mapatano hutenganisha kinga dhidi ya ajali, kama moto, kuvuja na kupakia kupita kiasi, na kinga dhidi ya watu wenye nia mbaya. Kanuni za aina hii ya pili zilianza kutumika 1 Julai 2004. Nazo nchi za eneo hili zilikubaliana Djibouti mwezi wa Januari 2009 kushirikiana dhidi ya uharamia, vituo vya kupashana habari vikawekwa Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam. Kwetu yote mawili huitwa usalama, hata tangazo la “ofisa wa usalama” melini halimwambii abiria kama huyo ndiye wa kumwuliza habari za jaketi la kujiokolea au za mzigo usio na mwenyewe. Wengine hutumia “ulinzi” kwa hili la pili, yafaa likubaliwe.

Upande wa nchi kavu, shida ni “pwani”. Asili yake ni kitenzi “-pwa”: pwani ni mahali maji yapwapo. Lakini Mapatano ya Nairobi ya 1985, yaliyoanza kutumika 1996 na kufanyiwa marekebisho 2010, yanaunganisha nchi kumi, tangu Somalia hadi Afrika Kusini pamoja na visiwa, katika kutunza mikoko, matumbawe na maji ya bahari. Na azimio la Arusha la 1993 lilitaka mambo hayo yasimamiwe kwa pamoja. Eneo hilo lapita mbali sana mahali maji yapwapo, ndiyo maana “ukanda wa pwani” limeshika. Jingine halijatulia: “tengefu”. Tanzania, eneo tengefu la bahari hutangazwa na serikali. Kenya, tengefu ni eneo ambalo wavuvi wenyewe wamekubaliana kulifunga, kama wafanyavyo watu wa Kuruwitu. Mvuvi wa Pemba aendaye dago upande wa Kenya hulikuta neno lile lile, lakini mwenye mamlaka ya kumruhusu au kumfukuza si yule aliyemzoea kwao.