Baiskeli ya mtoto: shokapu mpya au breki?

Mzazi anayenunua baiskeli ya mtumba Kariakoo huulizwa na fundi: tubadilishe shokapu ya mbele? Mtoto anaitaka, maana inavutia kweli.

Kabla ya kulipa, mpandishe mtoto, ashike breki na kuukandamiza usukani. Shokapu nyingi za bei nafuu zina springi ngumu. Mtoto wa kilo 25 haimbonyei, anabaki kusukuma chuma kizito bure. Kwa mashimo ya mtaani, tairi nene lisilojazwa upepo kupita kiasi humpunguzia mtikisiko.

Shokapu iliyolegea au kukwama ni suala jingine, hiyo ibadilishwe. Kama ni nzima, fedha ianzie kwenye breki, kisha kofia ngumu inayomkaa sawasawa, mkanda umefungwa kidevuni.