Je, Wajua? Njombe hadi Makambako kwa Sekunde 20

Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni kama kilomita 60. Kwa basi, ukiwa umejikunyata ndani ya koti, hesabu saa nzima. Je, wajua kwamba tarehe 16 Novemba 2004 chombo cha NASA kiitwacho X-43A kiliruka kwa kasi ambayo ingemaliza safari hiyo kwa sekunde 20 hivi? Kilikaribia mara 10 ya kasi ya sauti. Hakikuwa na rubani, na urefu wake haukufika mita 4.

Je, wajua kwamba mwili wa chombo cha aina hiyo ni sehemu ya injini? Pua na tumbo la mbele hubana hewa kabla haijaingia kuchomwa pamoja na haidrojeni; tumbo la nyuma huipanulia njia hewa ya moto, msukumo ukaongezeka. Kwa hiyo pua ikiinuka kidogo tu, hewa inayoingia hubadilika, na msukumo nao hubadilika. Injini ikiwa chini ya tumbo, msukumo huo huzidi kuinua pua. Basi likishika mwendo, kiganja kilicho dirishani kikiinua vidole kidogo, upepo hunyakua mkono mzima. Sasa fikiria kiganja hicho hicho ndicho injini.

Je, wajua kwamba ndege ya aina hii ikiamriwa kupanda, huanza kwa kudidimia? Mabawa ya nyuma hukandamiza mkia ili pua iinuke, na kimo hupungua kidogo kwanza. Kompyuta isiyofundishwa hilo itarundika amri juu ya amri hadi chombo kiyumbe.

Je, wajua kwamba tarehe 3 Oktoba 1967 rubani William Knight alirusha ndege ya X-15 kwa mara 6.7 ya kasi ya sauti, ikiwa imening'iniza injini ya mfano tumboni? Mawimbi ya mshtuko ya mwili na ya injini hiyo yalikutana, joto likatoboa mhimili ulioishikilia, na injini ikadondoka kabla ya kutua.

Je, wajua kwamba X-43A ya kwanza iliangamia tarehe 2 Juni 2001? Roketi iliyoibeba ilipoteza mwelekeo sekunde chache baada ya kuwaka. Wachunguzi walikuta kosa kwenye modeli za hesabu: zilionyesha usalama mkubwa kuliko uliokuwepo. Hesabu zikarudiwa, na mwaka 2004 safari zote mbili zilifaulu.

Na je, wajua kwamba ukishika barabara ya Tunduma kutoka Makambako, ukaipita Mbeya, utafika kilipo kimondo cha Mbozi? Ni pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 12 au zaidi. Kitu kitokacho anga za mbali huingia kwenye hewa yetu kwa kilomita 11 kwa sekunde au zaidi, yaani zaidi ya mara 30 ya kasi ya sauti. Kimondo kilikuja bila usukani, kikaangukia kilikoangukia. Kasi tulishaletewa zamani; wahandisi wanachohangaikia hadi leo ni kuiongoza.