Ngome Iliyogeuka Gereza: Habari za Fort Jesus, Mombasa

Wasikilizaji wetu, neno gereza halina mtu asiyelijua, wala halina mtu alipendaye. Walakini ni wachache wajuao asili yake. Wataalamu wa lugha watuambia kwamba limetoka katika neno la Kireno, igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Yawezekanaje nyumba ya sala kuwapa watu jina la nyumba ya minyororo? Jibu twaweza kulipata katika kuta za ngome moja kubwa iliyoko Mombasa, iitwayo Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu. Basi na tuitazame habari yake toka mwanzo.

Wareno walifika Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498, pamoja na Vasco da Gama. Miaka tisini baadaye Waturuki, chini ya jemadari wao Mir Ali Bey, walikuja pwani hii kuwanyang'anya biashara. Wareno wakamshinda hapo Mombasa mwaka 1589, lakini hofu haikuwatoka. Kwa hiyo mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Philip II wa Hispania, aliyekuwa akiimiliki Ureno pia, wakaanza kujenga ngome juu ya mwamba wa matumbawe, mahali pa kuingilia bandarini. Aliyeichora alikuwa fundi wa Kitaliana, Giovanni Battista Cairati. Aliiwekea buruji nne, kila moja ikiweza kuilinda mwenzake kwa mizinga, na upande wa bara likachimbwa handaki katika mwamba. Ndani yake walitia nyumba za askari, birika la maji, na kanisa.

Hapo ndipo neno letu lilipopata safari yake. Penye ngome ya Wareno palikuwa na kanisa, na kanisa lilikuwa ndani ya ngome. Watu wa pwani wakaviita vyote kwa jina moja. Hata leo ngome ya kale iliyoko Kilwa Kisiwani yaitwa Gereza. Na kwa kuwa katika ngome ndimo walimofungwa maadui na wahalifu, jina likazidi kuelekea kwenye kifungo, hata maana ya kanisa ikasahauliwa kabisa.

Sasa tuulize: je, kuta hizi ziliwaokoa waliozijenga? Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1614 Sultani wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, aliuawa kwa hila baada ya kugombana na kapteni wa Kireno. Mwanawe, Yusuf, akapelekwa Goa, katika Bara Hindi, akalelewa na mapadre, akabatizwa jina Jeronimo, kisha akarudishwa kutawala. Wareno walidhani wamepata rafiki. Lakini mwezi wa Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni pamoja na watu wake, akamwua kapteni, na Wareno wengi wa mji wakauawa. Hakuhitaji ngazi wala mizinga, maana alipita mlangoni. Merikebu zilizotumwa kutoka Goa zilipoishambulia ngome mwaka 1632 zilishindwa, na Wareno waliipata tena baada ya Yusuf mwenyewe kuiacha na kwenda zake.

Jaribu lililo kubwa zaidi lilianza mwezi wa Machi mwaka 1696. Merikebu za Imamu wa Oman, Seif bin Sultan, zilitia nanga Mombasa, na ngome ikazingirwa. Walioizingira hawakuweza kuvunja kuta, nao waliokuwamo hawakuweza kutoka. Maradhi yakaingia, yakawaua wengi kuliko risasi. Katikati ya mwaka 1697 hali ilikuwa mbaya hata ulinzi ukaangukia mikononi mwa Daud wa Faza, mwana wa pwani hii, pamoja na jamaa zake kumi na saba, wanaume wanane wa Kiafrika, na wanawake hamsini wa Kiafrika. Yafaa tuwakumbuke wanawake hao, kwani ngome ile ilisimama kwa mikono yao. Baadaye msaada ulifika, lakini haukutosha. Mwezi wa Desemba mwaka 1698, baada ya miezi thelathini na mitatu, watu wa Oman waliingia. Waliobaki hai ndani hawakufika ishirini. Siku chache baadaye merikebu za Kireno zikatokea, zikaiona bendera ya wengine juu ya ngome, zikageuza matanga.

Baada ya hapo ngome ilipita mikononi mwa wengi. Wareno waliirudia mwaka 1728, wakafukuzwa na watu wa Mombasa mwaka 1729. Kisha wakatawala Mazrui, hata mwaka 1837 Seyyid Said wa Unguja alipoitwaa. Mwaka 1875 Muhammad bin Abdallah, akida wa ngome, alimwasi Seyyid Barghash, na manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga hata akasalimu amri.

Mwaka 1895 Waingereza waliitwaa pwani kuwa nchi ya himaya yao, wakaigeuza ngome kuwa gereza la serikali. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ukuta mrefu usioweza kupandwa na adui kutoka nje, hauwezi kupandwa na mfungwa kutoka ndani. Mlango mmoja mwembamba, uliofanywa ili askari wachache wazuie jeshi, huwatosha walinzi wachache kuwazuia wafungwa wengi. Serikali ilipata gereza bila gharama ya kujenga. Tena jambo hili halikuwa la Mombasa peke yake: ngome ya Lamu nayo ilikuwa gereza tangu mwaka 1910 hata mwaka 1984.

Kwa miaka sitini na mitatu watu walifungwa katika Fort Jesus. Wenyeji wa mji walipita chini ya kuta zake kila siku, wakienda sokoni na pwani kuvua, wala mtu huru hakuwa na sababu ya kuingia. Mtoto wa Mombasa aliijua kuwa mahali pa kuogopwa, asijue kwamba humo babu zake walipigana, wakatawala, wakafa. Hivyo gereza halikuwafunga watu tu. Liliifunga na habari yao.

Mwaka 1958 wafungwa waliondolewa. Kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian, ulioko Lisbon, mji mkuu wa nchi ile ile iliyoijenga, ngome ikatengenezwa, na mtaalamu James Kirkman akachimba ndani yake na kufunua misingi iliyofunikwa. Kisha ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho. Humo vyaonekana vyombo vya udongo, mizinga, na vitu vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama karibu na ngome mwaka 1697 wakati wa mazingiwa. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliiandika miongoni mwa urithi wa dunia.

Yako mambo mawili ya kuyashika katika habari hii. La kwanza, ukuta hauna bwana wake. Humtumikia kila ashikaye ufunguo, naye hushindwa kwa dhuluma, njaa na maradhi, yasiyozuiliwa na jiwe. La pili, mahali pa huzuni hapafai kubomolewa wala kusahauliwa. Yako magofu mengi katika nchi zetu, nasi tumewaona watu wakichukua mawe yake kujengea majiko na vibanda. Jiwe moja likiondoka, halirudi na habari yake. Wazee wangali wanakumbuka ni nani aliyejenga, ni nani aliyefungwa, ni nani aliyetoka. Ninyi wanafunzi mjuao kuandika, nendeni mkawaulize, mkayaandike majibu yao, nao wangali hai.