Mzigo wa Mkulima si Kanda la Usufi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu alaye chungwa au ndizi mjini Morogoro ni nadra kukumbuka kwamba tunda lile liliteremshwa kutoka Milima ya Uluguru juu ya kichwa au bega la mwananchi. Kinole, makao ya Kingalu ambaye jina lake limepewa soko kuu la mji huo, ni mojawapo ya sehemu zinazotoa mazao hayo. Mashamba ya huko yako kwenye miteremko mikali, na kutoka shambani hadi barabarani chombo cha usafiri aghalabu ni mgongo wa binadamu. Leo tunapenda kuuzungumzia mgongo huo.

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna vibonge viitwavyo diski, ambavyo kazi yake ni kupokea mishindo ya mwili. Kila diski ina ukuta mgumu kwa nje na ute mzito kwa ndani. Ukuta ukichanika, ute huchomoza na kuubana mshipa wa fahamu. Ndipo maumivu huanzia kiunoni na kushuka mguuni kama moto. Mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Boston, Marekani, waliyaeleza hayo bayana. Kwa hiyo jambo hili si uchawi, wala si deni la mizimu.

Wagonjwa walio wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi michache bila ya kupasuliwa. Ni wachache tu wanaohitaji kisu. Lakini katika kila wagonjwa 100 waliopasuliwa, baina ya 5 na 15 hivi diski ile ile huchomoza tena. Hapo ndipo penye mtihani. Mkulima aliyekwisha kutumia mapato ya msimu mzima kwa upasuaji wa kwanza huambiwa na jirani huyu kwamba daktari alimharibu, na jirani yule kwamba amerogwa. Aghalabu yote mawili si kweli. Upasuaji huondoa ute uliochomoza, lakini ukuta uliochanika haurudi kuwa mpya.

Kupasua mara ya pili mahali pale pale ni kazi ngumu, kwani kovu la kwanza huwa limegandamana na mshipa wa fahamu. Ndiyo sababu tunaikaribisha njia ya upasuaji wa tundu dogo, ambayo misingi yake ilianza kuwekwa katika miaka ya 1970 na wataalamu kama Hijikata wa Japani na Kambin wa Marekani. Mrija mwembamba wenye taa na kamera hupitishwa katika tundu lisilozidi sentimita moja hivi, naye daktari huongozwa na picha anayoiona kwenye kioo kama cha televisheni. Kwa kuwa mrija huo waweza kuingizwa kwa ubavuni, hulikwepa kovu la zamani. Pengine mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mahali pale tu, na siku hiyo hiyo au ya pili akarudi nyumbani.

Hata hivyo, tusidanganyane. Utafiti wa Uholanzi uliotangazwa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa zaidi ya 600, ulionyesha kwamba katika kupunguza maumivu ya mguu njia hii haikuwa duni kuliko ile ya kawaida. Haukusema kwamba ni muujiza. Daktari huhitaji mafunzo ya muda mrefu kuimudu, na diski yaweza kuchomoza tena hata baada yake.

Taifa letu limekwisha kupiga hatua. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na tangu mwaka 2024 reli ya kisasa inachukua abiria baina ya Morogoro na Dar es Salaam. Sehemu iliyo ngumu ni ile ya kutoka kitongojini hadi stesheni, na kutoka kwenye maandishi ya sheria hadi mfukoni mwa mkulima. Tundu dogo lisije likawa haki ya wenye fedha peke yao.

Nao wananchi wana wajibu wao. Mtu ashindwaye kuzuia mkojo au choo, afaye ganzi sehemu za siri, au ambaye mguu wake unazidi kulegea, asingoje gulio lipite. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Aliyepasuliwa asirudi kubeba mkungu kabla ya ruhusa ya daktari, na jamaa zake wasimwite mvivu.

Kwa viongozi tunasema hivi: barabara ya shambani nayo ni dawa. Penye njia ipitikayo kwa gari, pikipiki au punda, mgongo wa mkulima hupumzika. Ni afadhali kuupunguza mzigo leo kuliko kumtafutia mkulima daktari wa kumpasua mara ya pili.