Breka Hailindi Mota

Katika gereji na karakana nyingi, kompresa kubwa ya fezi tatu huungwa kwenye umeme kwa njia ya mkato: waya mnene kutoka ubao mkuu, breka ya ampea 32 ukutani, kisha mota. Mota ikiungua hupelekwa kusukwa upya, na lawama huangukia umeme wa shirika au ubora wa mota yenyewe. Nashikilia kwamba kosa liko katikati ya breka na mota, mahali ambapo stata ilipaswa kuwa na haipo, au ipo lakini imewekwa vibaya. Stata ina viungo viwili. Kontakta hufunga na kufungua njia ya umeme. Ovalodi hupima umeme unaopita na kuamua kama mota iendelee kuzunguka au isimame. Wanunuzi huchagua kontakta kwa makini na kuichukua ovalodi yoyote iliyopo dukani, ilhali ovalodi ndiyo inayoamua mota itadumu muda gani.

Tuchukue mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 400. Ikibeba mzigo wake wote hutumia ampea 15 hivi. Inapowashwa moja kwa moja huvuta mara sita hadi nane ya kiwango hicho, yaani ampea 90 hadi 120, mpaka ishike mwendo. Breka ya ampea 16 ya aina C hukata papo hapo umeme unapofika popote kati ya mara tano na mara kumi ya kiwango chake, kwa hiyo ampea 80 hadi 160. Ni kawaida basi kwamba inaweza kuanguka mota inapowashwa. Fundi anaitoa, anaweka ya 32, mota inawaka, na mwenye karakana anaridhika. Kilichobadilika ni kwamba sasa mota haina mlinzi. Breka imeundwa kulinda waya, na viwango vya kimataifa vinaitaka breka ndogo ya namna hii ikate ndani ya saa moja pale tu umeme unapofika mara 1.45 ya kiwango chake. Kwa breka ya 32 hizo ni ampea 46. Mota ya ampea 15 inaweza kulazimishwa kubeba karibu mara tatu ya umeme wake, na breka ikaendelea kuuruhusu kwa dakika nyingi.

Hatari kubwa zaidi ni kupotea kwa fezi moja. Fyuzi ya transfoma inaungua, nati inalegea kwenye ubao, au kidole kimoja cha kontakta kinaliwa na cheche. Mota iliyokuwa inazunguka haisimami. Inaendelea kuvuta mzigo kwa fezi mbili zilizobaki, na umeme ndani yake unapanda kufikia takriban mara 1.7, yaani ampea 26. Joto ndani ya koili hukua kwa mraba wa umeme, kwa hiyo linakuwa mara tatu. Breka ya 32 haioni jambo lolote la kushangaza katika ampea 26. Hata ya 20 inaweza kuivumilia hali hiyo, maana 26 ni mara 1.3 tu ya kiwango chake. Kanuni ya zamani ya wasukaji mota inasema kwamba kila nyuzi 10 za joto la ziada hupunguza nusu ya uhai wa varnishi inayotenganisha nyaya, na hapa hatuzungumzii nyuzi 10. Ovalodi iliyowekwa kwenye ampea 15 huona tofauti hiyo: ndani yake mna vibati vitatu, kimoja kwa kila fezi, vinavyopinda kwa joto la umeme unaopita, na ovalodi nyingi za leo hukata mapema zaidi kibati kimoja kinapobaki baridi wakati viwili vinapinda. Tena haibabaishwi na ule mvuto wa kuwaka. Ovalodi ya daraja la 10 ikipata mara 7.2 ya kiwango chake husubiri kati ya sekunde 4 na 10, muda unaoitosha mota nzima kushika mwendo lakini usioitosha mota iliyokwama kujiunguza.

Wapo mafundi wanaosema kontakta yenyewe ni kinga tosha, kwa kuwa fezi ikikatika koili yake inaachia. Hoja hii ina ukweli nusu. Koili ya volti 230 huunganishwa kwenye fezi moja na nyutro; ikikatika mojawapo ya zile nyingine mbili, koili haina habari. Na hata ikikatika fezi ileile inayoilisha koili, mota inayozunguka huzalisha volti kwenye mguu uliokufa na kuzirudisha kupitia kontakta ambayo bado imefunga. Volti hizo zinaweza kutosha kuishikilia koili, mota ikiendelea kuungua.

Pingamizi nzito zaidi hutoka kwa wenye karakana: ovalodi inakata kila mara, kazi inasimama, mteja anasubiri. Wengi huzungusha kidude chake hadi ampea 20, au hupitisha waya kando yake. Nawaelewa, kwa sababu hasara ya kusimama inaonekana leo na ya mota inaonekana baadaye. Lakini ovalodi inayokata imepima kitu halisi, na katika kompresa vitu hivyo vinajulikana. Volti zikiwa ndogo, labda kwa sababu waya ni mrefu na mwembamba, mota hulipia upungufu wa volti kwa kuvuta ampea zaidi. Kompresa ya pistoni inaposimama, swichi ya presha inatakiwa kutoa hewa iliyobaki kati ya kichwa na vali ya kuzuia hewa isirudi. Ndio ule mlio wa kupumua unaosikika. Mlio huo usiposikika, au ukiendelea bila kukoma kwa sababu vali imechafuka, mota italazimika kuanza kwa kusukuma dhidi ya presha. Na tangi likivuja, mota huwaka mara nyingi kwa saa bila kupata nafasi ya kupoa.

Swichi ya presha isibebe umeme wa mota ya ukubwa huu. Meno yake yakiungua upande mmoja, yenyewe ndiyo itakuwa chanzo cha fezi kupotea. Kazi yake ni kuamuru koili ya kontakta, na njia hiyo ya koili ipite pia kwenye namba 95 na 96 za ovalodi, ili ovalodi ikikata, presha isiweze kuiamrisha mota iwake tena. Kwa sababu hiyohiyo, ovalodi iwekwe kwenye kurudishwa kwa mkono. Ikijirudisha yenyewe huku swichi ya presha ikidai hewa, mota itawaka tena na tena ikiwa na joto, pengine mtu akiwa ameshika mkanda. Mota kubwa zinazoanzishwa kwa sta na delta zina mtego wake: ovalodi inayokaa baada ya kontakta kuu hupitiwa na asilimia 58 tu ya umeme ulioandikwa kwenye kibati cha maelezo cha mota, kwa hiyo mota ya ampea 55 huwekewa 32. Anayeweka 55 hapo amefuata kibati hicho na bado ameiacha mota wazi. Baada ya fundi mwenye leseni ya EWURA (Tanzania) au EPRA (Kenya) kumaliza kuunga, mwombe apime kila fezi kwa mita ya kukumbatia waya wakati tangi linakaribia kujaa, kisha abonyeze kitufe cha majaribio cha ovalodi mota ikiwa inazunguka. Kontakta isipoachia, asiondoke.